Mtu Anayecheza Mvuani



Leo hatutazungumza juu ya mbolea. Hatutazungumza juu ya choo bora, wala juu ya uzito wa mtoto. Mambo hayo tumeyazungumza sana, na tutayarudia. Leo tunataka kuzungumza juu ya kufurahi. Tena ni furaha ya dakika nne hivi tu. Tutaifungua polepole, kama mtu anavyofungua fundo la kanga alimofunga fedha zake.

Wengi wenu mlikuwa nasi darasani jana usiku. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaonyesha sinema ya Kimarekani iitwayo Singin' in the Rain. Maana ya jina hilo ni Kuimba Mvuani. Sinema hiyo ni ya zamani, ilitolewa mwaka 1952. Ni ya kuchekesha, tena ni ya nyimbo na dansi. Maneno yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo tulikuwa tunasimamisha mashine mara kwa mara na kueleza. Lakini mtu yule alipoanza kucheza mvuani hatukueleza kitu, wala hakuna aliyeuliza. Hata watoto waliokuwa wakichungulia madirishani walinyamaza kimya.

Maswali yalikuja baadaye. Mzee mmoja alisema, "Mtu mzima ana mwavuli mzuri, mvua inanyesha, naye anaufunga! Huyo ana akili kweli?" Mama mmoja akauliza, "Hivi ile mvua ni mvua, au ni maji ya bomba?" Na kijana mmoja alisema wazi kwamba bwana elimu haletwi hapa kuonyesha Wazungu wanaorukaruka. Elimu ni kazi, alisema, na sinema ya namna hii ni upuuzi mtupu.

Tunamshukuru kijana huyo. Mtu akisema wazi, mazungumzo yanakuwa na faida. Basi leo tumjibu.

HADITHI YENYEWE

Kwanza tuisimulie hadithi, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.

Zamani sinema hazikuwa na sauti. Watu walionekana wakisema, lakini hawakusikika. Maneno machache yaliandikwa kwenye picha, na asiyejua kusoma alimtegemea jirani yake. Jambo hilo ninyi mnalielewa vizuri kuliko sisi. Mwaka 1927 ilitoka Marekani sinema iitwayo The Jazz Singer, ambamo watu walisikika wakiimba na kusema. Watu walijazana kuitazama. Kampuni nyingine za sinema zikaona kwamba zisipofanya haraka zitaachwa nyuma. Hadithi yetu inaanza hapo.

Yuko mcheza sinema maarufu, jina lake Don. Huyu anaigizwa na Gene Kelly. Kila mara anacheza na mwanamke mmoja mzuri, jina lake Lina, anayeigizwa na Jean Hagen. Huyo Lina ana sura ya kupendeza mno, na sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Wakati wa picha bubu haikuwa shida, maana nani alimsikia? Sasa ni balaa. Wanaficha kinasa sauti kwenye kichaka, yeye anageuza kichwa na sauti inapotea. Wanakishona kwenye nguo yake, kinanasa mapigo ya moyo wake. Siku ya kuijaribu sinema mbele ya watu, maneno yanaachana na midomo. Mwanamke anafungua mdomo, inatoka sauti ya mwanamume. Watu wanacheka mpaka machozi, na kumbe sinema hiyo haikukusudiwa kuchekesha.

Usiku huo Don anaona kazi yake imekwisha. Amekaa nyumbani na rafiki yake mpiga piano, Cosmo, na msichana anayempenda, Kathy. Cosmo anaigizwa na Donald O'Connor, na Kathy na Debbie Reynolds. Wanazungumza mpaka usiku wa manane, ndipo wanapata wazo. Sinema ile mbovu igeuzwe iwe ya nyimbo na dansi. Na kwa kuwa Lina hawezi kuimba, Kathy atamtilia sauti kwa siri. Midomo itakuwa ya Lina, sauti itakuwa ya Kathy.

Basi Don anamsindikiza Kathy mpaka mlangoni kwake. Mvua inanyesha. Wanaagana. Gari linamngoja Don barabarani, naye analipungia mkono liende zake. Atatembea.

DAKIKA NNE

Sasa tazameni jinsi inavyoanza, maana ndiyo ufundi wake. Haanzi kwa kuruka. Anaanza kwa kutembea tu, kama mimi na wewe. Mwavuli uko juu. Kisha kinywa kinaanza kuvuma wimbo. Hatua zinaanza kufuata wimbo. Anatazama juu, mvua inampiga usoni, anaufunga mwavuli na kuuweka begani. Hapo bado hajacheza. Anafika kwenye nguzo ya taa, anaidandia, ananing'inia kwa mkono mmoja na mwingine ameunyoosha. Watu wanapita mbio wakijifunika magazeti, naye yuko pale juu anafurahi kama mtoto juu ya mwembe.

Halafu miguu inashika kazi. Mwavuli unakuwa gitaa. Mwavuli unakuwa mwanamke wa kucheza naye. Anauburuza kwenye uzio wa chuma ulie kra-kra-kra, jambo ambalo kila mtoto mwenye kijiti amelifanya. Anakwenda kusimama chini ya mlizamu, pale maji ya paa yote yanapomwagika, nayo yanamshukia mwilini. Halafu anaingia katikati ya barabara na mwavuli umefunguliwa, anazunguka duara kubwa, na kamera inapanda juu pamoja naye. Mama mmoja jana alisema "Lo!" mahali hapo, nasi tulimsikia.

Baada ya duara lile mtu angedhani yamekwisha. Bado. Anacheza kwenye ukingo wa barabara, mguu mmoja juu na mmoja chini. Mwisho anajitupa kwenye dimbwi. Huo si ufundi wa dansi tena. Anayapiga maji kwa miguu, chapa-chapa-chapa, kama mtoto wa miaka minne ambaye mama yake hayupo.

Na hapo anatokea askari.

Askari yule hasemi neno. Anasimama tu nyuma yake na kumtazama. Mcheza dansi anahisi, anageuka, anapunguza mwendo, anakuwa mtu mzima tena. Anajieleza kwa wimbo kidogo, anaondoka taratibu. Njiani anakutana na mtu asiye na mwavuli, anampa wake. Basi, imekwisha.

Mzee wetu aliuliza kama mtu huyo ana akili. Sisi tunasema kwamba askari yule naye anauliza swali hilo hilo, ila hakulitamka. Watengenezaji wa sinema walijua kwamba mtu mwenye busara atauliza, wakamweka askari aulize kwa niaba yake. Kwa hiyo mzee alikuwa ndani ya sinema bila kujua! Na jibu ni hili: mwavuli ni wa mtu anayeogopa kulowa. Huyu jioni ile alikuwa amepoteza kila kitu, na usiku ule amepata kazi na mchumba. Kulowa kwake ni kitu gani? Sisi wakulima tunafahamu. Mvua ya kwanza ikishuka baada ya kiangazi kirefu, tumewaona watu wazima wakitoka nje wakasimama uani bila kofia. Hatukuwauliza akili zao ziko wapi.

Lipo na swali ambalo jana halikuulizwa kwa sauti, ila tuliliona katika nyuso. Mbona watu hawa wanakatiza hadithi na kuanza kuimba? Ndugu zetu, hilo si geni kwetu. Bibi akisimulia hadithi, akifika mahali ambapo ndege anaimba juu ya mti, je, anasema tu "ndege akaimba" na kuendelea? Hasemi hivyo. Anaimba wimbo wa ndege, na hendi mbele mpaka wote mmeitikia. Wimbo haukatizi hadithi. Jambo likiwa kubwa kuliko maneno, ndipo wimbo unapoingia. Wahindi nao wanajua hivyo. Wazee waliokuwa Unguja au Dar es Salaam miaka ya 1950 wanaweza kuikumbuka Awara, sinema ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Watu walitoka mle wanaimba, na Kihindi hawakijui.

MVUA YA BOMBA

Sasa swali la mama. Ile mvua ni ya bomba.

Sinema hiyo ilipigwa mwaka 1951, katika viwanja vya kampuni ya MGM kule Culver City, California. Ile barabara ni barabara ya kuigiza. Nyumba zake zina nyuso tu. Juu yake yalipitishwa mabomba yenye matundu. Na usiku ule haukuwa usiku. Walifunika barabara kwa maturubai meusi, wakapiga picha mchana. Vidimbwi vile navyo havikujitokeza vyenyewe. Walichimba mashimo pale pale ambapo mguu wa Kelly utatua, yakajaa maji. Yule anayeonekana kama anacheza ovyo alijua kila shimo liko wapi, kama mtu anavyolijua shamba lake gizani.

Kilichowasumbua ni jambo ambalo wanakijiji wenye bomba la umma watalielewa mara moja. Jioni ilipofika maji yalipungua nguvu. Kumbe watu wa mji ule, wakirudi kazini, walikuwa wanafungulia maji kumwagilia bustani zao. Mvua ya Hollywood ikakatika kwa sababu ya majani ya majirani!

Wapo wanaosema kwamba maji yalichanganywa na maziwa ili yaonekane vizuri. Si kweli, na ni vizuri si kweli, maana kuyamwaga maziwa kiasi hicho barabarani kungekuwa ni kufuru. Waliweka taa nyuma ya mvua. Mkitazama mvua mwanga ukiwa nyuma yake, kila tone linang'aa. Jaribuni kwa karabai au tochi, mtaona.

Na ile milio ya viatu? Ulirekodiwa kwanza wimbo, katika chumba cha kurekodia. Siku ya kupiga picha waliupiga wimbo huo kwa spika, Kelly akacheza akiufuata. Kisha milio ya miguu ikarekodiwa mbali, maana kiatu kilicholowa hakilii, na mvua ingezima kila sauti. Sasa hesabuni. Mvua si mvua. Usiku si usiku. Barabara si barabara. Sauti ya wimbo ni ya siku moja, na mlio wa miguu ni wa siku nyingine.

Tena mtu mwenyewe alikuwa mgonjwa. Gene Kelly alikuwa na homa kali, zaidi ya nyuzi 39 za Selisiasi. Sisi tungemtuma zahanati. Yeye alisimama chini ya mlizamu akiwa na suti ya sufu, akatabasamu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40, naye ndiye aliyeiongoza sinema hiyo pamoja na Stanley Donen.

Je, baada ya kujua hayo, furaha imepungua? Kwetu sisi imeongezeka. Kwa sababu kipo kitu kimoja ambacho hakikuigizwa, nacho ni mwili wa yule mtu. Angalieni kamera ilivyokaa. Haikatikati. Inamwonyesha mzima, kutoka kofia mpaka kiatu, kwa muda mrefu. Hawezi kudanganya. Akikosea hatua tutaiona. Furaha ile ilitengenezwa, kama mkeka unavyotengenezwa, lakini mkeka uliotengenezwa ni mkeka kweli, na unaukalia.

GHARAMA YA KUCHEKA

Hapa sasa tunamgeukia ndugu yetu kijana, aliyesema elimu ni kazi na hayo ni upuuzi.

Ndugu, hayo nayo ni kazi. Tutakwambia habari za yule msichana, Debbie Reynolds. Alizaliwa mwaka 1932, kwa hiyo alikuwa na miaka 19 tu. Hakuwa mcheza dansi. Aliwahi kujifunza sarakasi za kuruka na kupinduka, basi. Akatiwa kati ya wanaume wawili waliokuwa wakicheza tangu utotoni, akaambiwa afanane nao. Mnaukumbuka wimbo ule kabla ya mvua, ambapo wote watatu wanacheza nyumbani kwa Don na mwisho wanapindua kochi na kuanguka wakicheka? Wimbo huo walianza kuupiga picha saa 2 asubuhi, wakamaliza saa 5 usiku. Saa 15. Miguu ya Debbie ilitoka damu. Baadaye maishani alisema kwamba kutengeneza sinema hiyo na kuzaa ndiyo mambo mawili magumu kuliko yote aliyoyafanya. Akina mama, ninyi mnajua hayo ni maneno mazito kiasi gani.

Gene Kelly alikuwa mkali kwake. Alikiri mwenyewe baadaye kwamba hakumtendea wema. Siku moja msichana alijificha chini ya piano analia. Akapita mcheza dansi mwingine mkubwa, Fred Astaire, akamwona. Akamwambia aje atazame mazoezi yake. Msichana akakaa na kutazama. Akamwona mtu ambaye dunia nzima inamdhania anaelea kama unyoya, anatoka jasho, anakosea, anarudia, mpaka anakasirika. Astaire hakumpa hotuba yoyote. Alimwonyesha kazi tu. Sisi walimu tungefaa kujifunza kwa mtu huyo, maana mara nyingi tunamwonyesha mwanafunzi matokeo, hatumwonyeshi jasho.

Donald O'Connor naye, yule anayepanda ukuta kwa miguu na kupinduka kichwa chini, alichoka mpaka akalala kitandani kupumzika. Aliporudi akaambiwa kwamba picha zile zimeharibika, arudie. Akarudia.

Hatusemi hayo ili kusifu mateso. La. Msichana kutoka damu miguuni kwa ajili ya kochi ni jambo baya, na mkubwa wa kazi angeweza kumwambia pumzika, tutaendelea kesho. Tunamweleza ndugu yetu kijana kwamba kinachoonekana chepesi si lazima kiwe chepesi. Naye akicheka sinema hiyo Jumamosi, acheke akijua kwamba kicheko hicho kililipiwa na nani.

MIGUU ILIYOKUWA NGOMA

Tuingie kidogo katika dansi yenyewe. Namna hiyo ya kucheza hutumia viatu vyenye vibati vya chuma chini, kimoja kwenye vidole na kimoja kwenye kisigino. Miguu inapiga sakafu kama vijiti vinavyopiga ngoma. Sisi tunafunga njuga miguuni, na wao wanafunga vibati. Hii si kulinganisha kwa kupendezesha maneno. Kuna uhusiano wa kweli.

Watumwa walioletwa Marekani kutoka Afrika walikuja na ngoma. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, na mwaka 1740 ikatungwa sheria ya kuwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuwa mabwana waliogopa ngoma inaita watu. Ngoma ikazimwa, lakini hawakuweza kuizima miguu wala viganja. Watu wakapiga vifua, mapaja na sakafu. Baadaye uchezaji huo ulichanganyika na uchezaji wa watu wa Ireland waliohamia kule, ambao nao hupiga hatua za haraka kwa viatu vigumu. Mchanganyiko huo ndio uliozaa dansi ya vibati.

Katika sinema yetu, wachezaji wote wakubwa ni Wazungu. Jana hilo lilionekana, na mmoja wenu alilitaja. Wachezaji Weusi hodari walikuwapo. Ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, walicheza pamoja na huyo huyo Gene Kelly katika sinema iitwayo The Pirate, mwaka 1948. Waliotazama wanasema ni shida kujua umtazame nani. Lakini siku zile, sinema zikipelekwa majimbo ya kusini mwa Marekani, sehemu za wachezaji Weusi zilikuwa zinakatwa kwa mkasi ili Wazungu wa huko wasizione. Kwa hiyo mkiitazama miguu ya Kelly kwenye dimbwi, mnaona pia miguu ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kusimama pale. Kelly hakuvumbua dansi hiyo. Aliirithi, akaifanyia kazi nzuri.

SAUTI YA NANI?

Mwisho wa hadithi mnaukumbuka. Sinema ya Don na Lina imefaulu, watu wanashangilia, wanamtaka Lina aimbe mbele yao. Kathy anawekwa nyuma ya pazia aimbe, na Lina anafungua midomo tu mbele. Don, Cosmo na mwenye kampuni wanalivuta pazia. Watu wote wanaona. Jana hapo mlipiga makofi mpaka taa ikatikisika. Mlifurahi kwa sababu haki imeonekana. Aliyefanya kazi amepata jina lake.

Sasa sikilizeni kichekesho ambacho hakimo katika sinema. Debbie Reynolds, anayeigiza yule msichana mwenye sauti nzuri iliyofichwa, katika wimbo mmojawapo hakuimba yeye. Wimbo ambao Kathy anamwimbia Lina kwa siri uliimbwa na mwanamke mwingine, jina lake Betty Noyes. Na pale ambapo Kathy anayasema maneno ya Lina kwa sauti nzuri, sauti inayosikika ni ya Jean Hagen mwenyewe, huyo huyo anayeigiza mwenye sauti mbovu! Kumbe sauti yake halisi ilikuwa nzuri sana, naye aliiharibu kwa makusudi ili atuchekeshe. Kwa hiyo Jean Hagen anamtilia sauti Debbie Reynolds, ambaye anajifanya anamtilia sauti Jean Hagen. Mkizungukwa na kichwa, hamko peke yenu. Sisi tulichora ubaoni ndipo tukaelewa.

Lakini jambo hilo lina uchungu wake pia. Sinema yote inapigania mtu wa nyuma ya pazia atajwe, na jina la Betty Noyes halikuandikwa katika sinema hiyo. Lilipovutwa pazia la Kathy, pazia lake yeye liliachwa. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza kuchagua sinema za kuhifadhiwa milele, sinema hiyo ilikuwa miongoni mwa 25 za kwanza. Itatunzwa vizuri sana, na sauti yake imo ndani.

Hata wimbo wa mvuani si mpya. Maneno yake ni ya Arthur Freed na muziki ni wa Nacio Herb Brown, nao ulisikika katika sinema tangu mwaka 1929. Baadaye Freed akawa mkubwa wa kutengeneza sinema pale MGM. Akawaita waandishi wawili, Betty Comden na Adolph Green, akawapa rundo la nyimbo zake za zamani na kuwaambia watunge hadithi ya kuzibeba. Ilikuwa kama mtu amepewa vifungo, akaambiwa ashone shati. Walifikiri sana. Kisha wakakumbuka kwamba nyimbo nyingi zile zilitoka wakati sinema zinaanza kupata sauti, basi hadithi nayo iwe ya wakati huo. Shati likawatosha wote.

Tutaionyesha tena Jumamosi saa 1 jioni, mvua isiponyesha. Ikinyesha tutaonyesha vile vile, ila mashine itakaa ndani na watoto wa madirishani wataingia. Leteni mikeka. Safari hii tutaanzia pale gari linapoambiwa liende zake, na hatutasimamisha kitu mpaka askari atokee. Wanaotaka kuyaona mashimo ya vidimbwi watazame chini, upande wa ukingo wa barabara. Kisha tutarudi kwenye majina yanayopita mwanzoni mwa sinema, tuyasimamishe, tuyasome pamoja kwa sauti, na wale wa darasa la kwanza wajaribu herufi kubwa. La Betty Noyes hamtalikuta. Tumeliandika kwa chaki juu ya ubao, kulia, nalo lina herufi kumi.